Mama Asingoje Maumivu: Somo juu ya Kupimwa Mlango wa Kizazi

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi walimu na wainjilisti mnaowasomea wengine gazeti hili, mwezi huu twaleta somo ambalo wengi wataona haya kulisoma kwa sauti. Sisi nasi tuliona haya kuliandika. Lakini tumekwisha kuyaona madhara ya kunyamaza, na kwa hiyo twaanza kwa kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe.

Katika usharika mmoja tuliouhudumia zamani alikuwako mama mmoja, mwenye watoto watano, umri wake miaka 46 hivi, mwimbaji hodari. Kwa muda wa nusu mwaka hakuonekana mezani pa Bwana. Akija kanisani aliketi nyuma kabisa, karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ulipoanza alikuwa amekwisha kuondoka. Wazee wakaliandika jina lake katika orodha ya waliopoa, nasi pamoja na mzee mmoja tukaenda nyumbani kwake kumwonya. Alitukaribisha uani, akaketi mbali nasi, upande unakokwenda upepo. Tulipokwisha kusema maneno yetu yote, alinyamaza kitambo, kisha akatuambia kwamba kwa miezi minane alikuwa akitokwa na damu na maji yenye harufu, na kwamba aliogopa kuwachukiza wenzake mezani. Mumewe alijua. Mama mkwe wake alijua. Sisi hatukujua, maana hatukuwa tumefungua njia yo yote ambayo kwayo mwanamke angeweza kutuambia neno kama hilo.

Alipofikishwa hospitali, uvimbe ulikuwa umekwisha kupita mlango wa kizazi na kushika pande za nyonga. Akapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu ya mionzi, yakampunguzia damu na maumivu, lakini hayakuweza kumponya. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Tulikwenda kumwonya, kumbe sisi ndio tuliostahili kuonywa.

Daktari alituambia neno ambalo ndilo kiini cha somo hili. Alisema kwamba ugonjwa ule ulikuwa umekaa ndani ya mama yule kwa miaka mingi kabla ya kumwumiza, na katika miaka hiyo ungaliweza kuondolewa kwa kazi ya dakika chache, pasipo kulazwa. Basi natujifunze ugonjwa huu ni nini, jinsi mwanamke anavyopimwa, na yatupasayo kufanya.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Mji wa mimba wa mwanamke umefanana na kibuyu kidogo kilichopinduliwa. Tumbo la kibuyu liko juu, nako ndiko mtoto anakokua. Shingo yake iko chini, nayo ndiyo iitwayo shingo ya kizazi au mlango wa kizazi. Damu ya mwezi hupita hapo, na mtoto hutokea hapo siku ya kuzaliwa. Saratani tunayoinena huanza katika ngozi nyororo ya mlango huo.

Chanzo chake chajulikana. Katika miaka ya 1983 na 1984 mtaalamu wa Ujerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wasaidizi wake, waligundua ndani ya uvimbe wa namna hii aina mbili za kirusi cha papiloma, ambacho kwa herufi huitwa HPV. Mwaka 2008 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya kazi hiyo. Aina hizo mbili zajulikana kwa hesabu 16 na 18, nazo huleta saratani za mlango wa kizazi zipatazo 7 katika kila 10. Kwa hiyo ugonjwa huu si uchawi, wala si laana ya ukoo, wala si mkono wa jirani mwenye kijicho.

Watu walio wengi hushikwa na kirusi hiki wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe katika muda wa mwaka mmoja au miwili, pasipo mtu kujua lo lote. Lakini katika wanawake wachache hukaa. Kikikaa, seli za mlango wa kizazi huanza kubadilika polepole, kama chuma kinavyoshika kutu. Mabadiliko hayo bado si saratani. Kwa mwanamke mwenye kinga njema ya mwili, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka yawe saratani. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetumia dawa, yaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Katika muda huo wote mwanamke haumwi. Hulima, hupika, hunyonyesha, huimba kwaya, wala hana dalili hata moja. Hapo ndipo penye hatari, na hapo hapo ndipo penye tumaini. Penye hatari, maana asiyeumwa hana sababu ya kwenda kwa daktari. Penye tumaini, maana ugonjwa unaokawia hivi watupa nafasi nyingi za kuuzuia. Wazee wetu walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kupimwa ni kuutafuta ufa wakati ukuta ungali umesimama.

Je, madhara yake ni makubwa? Naam. Kwa makadirio ya mwaka 2022, wanawake wapatao 660,000 duniani walishikwa na saratani hii, na wapatao 350,000 walikufa. Katika kila vifo 100, vifo 94 vilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati. Katika Tanzania, makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na vifo zaidi ya 6,000. Maana yake ni kwamba wengi wa wanawake hawa hawakufa kwa sababu dunia haikujua dawa. Walikufa kwa sababu walifika wamechelewa, au hawakufika kabisa.

2. Je, ni ugonjwa wa wazinzi?

Swali hili twalijibu mapema, maana ndilo linalowafunga wengi miguu. Ni kweli kwamba kirusi hiki huenea kwa kukutana kimwili. Wengine wakisikia hivyo, mara huhesabu kwamba mwanamke mwenye ugonjwa huu ameishi vibaya. Hesabu hiyo si sahihi. Kirusi hiki ni cha kawaida kabisa, hata karibu kila mtu aliyepata kuwa na mume au mke huweza kukutana nacho. Mwanamke aliyemjua mume wake peke yake aweza kukipata kwake. Mume naye aweza kuwa alikipata miaka mingi kabla ya ndoa, na hana dalili. Tena ugonjwa wenyewe hutokea baada ya miaka 15 au 20. Ni nani basi awezaye kusema ulitoka wapi?

Kwa hiyo, ndugu, mzee wa usharika akisikia kwamba mama fulani amekutwa na mabadiliko, hana haki ya kuuliza habari za mwenendo wake. Na mume asiye na kosa asimshitaki mkewe, wala mke asimshitaki mumewe. Twalisema hili kwa nguvu kwa sababu masengenyo ya kanisani yamewazuia wanawake wengi kwenda kupimwa kuliko umbali wa hospitali.

3. Jinsi kupimwa kulivyoanza, na kwa nini hakukutufikia

Daktari mmoja Mgiriki aliyefanya kazi mjini New York, jina lake George Papanicolaou, alitangaza mwaka 1928 kwamba seli zilizokwanguliwa kwa wepesi katika njia ya uzazi zaweza kuonyesha saratani zikitazamwa kwa hadubini. Mwanzoni wengi hawakumsadiki. Mwaka 1943 yeye na mwenzake Herbert Traut wakatoa kitabu juu ya jambo hilo, na tangu hapo kipimo chake kikaenea katika nchi zenye uwezo.

Nchi ya Ufini, ambayo wengi wetu twaijua kwa ajili ya wamisionari wake, ilianza katika mwaka 1963 kuwaalika wanawake wake wapimwe kila baada ya miaka mitano, walio wagonjwa na wasio wagonjwa. Kwa miaka iliyofuata, vifo vya ugonjwa huu vikapungua huko kwa sehemu zipatazo 8 katika kila 10. Tazameni neno moja hapo: walioitwa hawakuwa wenye maumivu, bali wote wenye umri uliopasa.

Mbona basi kipimo hicho hakikufanya hivyo kwetu? Kwa sababu chataka maabara, hadubini, na watu waliofundishwa muda mrefu kuzisoma seli. Tena majibu hayapatikani siku ile ile. Mama aliyetembea saa nne kwa miguu huambiwa, Rudi baada ya majuma matatu. Je, atarudi? Mahindi yataka kuvunwa, mtoto ameshikwa na homa, nauli imekwisha. Hivyo wengi waliopimwa hawakuyajua majibu yao, na wengine waliokutwa na hatari hawakuonekana tena. Kupima bila kutibu ni sawa na kumwonyesha mtu nyoka ndani ya nyumba na kumwacha bila fimbo.

4. Siki na jicho la muuguzi

Kwa ajili ya mahali pasipo na maabara ilipatikana njia nyingine, nayo ndiyo itumikayo katika vituo vyetu vingi. Mwanamke hulala chali kitandani, pazia limevutwa. Muuguzi aliyefundishwa huingiza polepole chombo safi kinachopanua njia ya uzazi, hata mlango wa kizazi uonekane. Hupaka hapo kwa pamba siki iliyopimwa, nguvu yake sehemu 3 hadi 5 katika 100, kisha hungoja dakika moja. Penye seli zilizobadilika huonekana doa jeupe lenye mpaka. Pasipo na mabadiliko hubaki rangi yake ya waridi. Mwanamke aweza kuona mwasho kidogo, lakini hakatwi wala hachomwi sindano, na majibu huyapata kabla ya kushuka kitandani. Siki hiyo hupimwa kwa kazi hii. Mtu asijaribu kujitibu nyumbani kwa siki ya jikoni.

Wengine watauliza, Je, kitu rahisi namna hii chaweza kuokoa watu? Swali hilo lilijaribiwa katika Bara Hindi. Mjini Mumbai, kuanzia mwaka 1998, wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya maskini, wenye umri wa miaka 35 hadi 64, waliwekwa katika mafungu mawili. Fungu moja walipimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili, mara nne; fungu la pili walifundishwa habari za ugonjwa tu. Waliopima hawakuwa madaktari, bali wanawake waliosoma hadi darasa la kumi, wakafundishwa kazi hiyo kwa majuma manne. Baada ya miaka 12 ilionekana kwamba vifo vya saratani hii katika fungu la waliopimwa vilikuwa vimepungua kwa 31 katika kila 100, vikilinganishwa na vya fungu la pili.

Karibu na sisi wako jirani zetu wa Zambia. Mwezi wa Januari 2006, mjini Lusaka, madaktari Groesbeck Parham na Mulindi Mwanahamuntu walianza kazi ya kupima wanawake katika zahanati za serikali, hasa karibu na mahali wanapotibiwa wenye virusi vya UKIMWI. Kazi ilifanywa na wauguzi. Baada ya kupaka siki walipiga picha ya mlango wa kizazi kwa kamera, na mama akajiona mwenyewe katika kioo. Picha zenye mashaka zilitazamwa na madaktari. Aliyefaa kutibiwa pale pale alitibiwa siku ile ile. Tena wanawake wa mitaa ile ile walifundishwa ili wawaeleze wenzao kwa lugha ya nyumbani. Hata kufika mwaka 2013 walikuwa wamepimwa wanawake zaidi ya 100,000, na yapata mmoja katika kila watano alionekana na doa. Twajifunza kwao mambo matatu: muuguzi aweza, matibabu yasingoje siku nyingine, na mwanamke humsikia mwanamke mwenzake.

Lakini tusiseme zaidi ya kweli. Kipimo cha siki hutegemea jicho, na jicho hukosea: huweza kuona weupe usio wa hatari, au kupitwa na ulio wa hatari. Tena kwa wanawake waliokoma hedhi, sehemu inayotakiwa kutazamwa mara nyingi imerudi ndani, hata haionekani vizuri. Hao wahitaji kipimo kingine.

5. Kipimo cha kirusi chenyewe

Kipimo hicho kingine hutafuta HPV yenyewe. Huko huko Bara Hindi, katika wilaya ya Osmanabad, kazi iliyoanza mwaka 1999 ilikusanya wanawake zaidi ya 130,000 wenye umri wa miaka 30 hadi 59. Wale waliopimwa kirusi mara moja tu, kisha wakatibiwa waliohitaji, vifo vyao vilipungua kwa karibu nusu katika miaka minane. Habari hiyo ilitolewa mwaka 2009. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani limependekeza kipimo hiki kitangulie vingine mahali kinapopatikana.

Faida yake nyingine ni kubwa kwa wenye haya. Mwanamke aweza kupewa kijiti laini chenye pamba, akaingia faragha, akajichukulia mwenyewe kinachotakiwa, akakirudisha kwa muuguzi. Hapo hapana jicho la mtu mwingine. Kipimo hiki bado hakijafika kila mahali. Kwa hiyo ulizeni katika hospitali yenu. Kisipokuwapo, mama asikae akikingoja miaka. Apimwe kwa siki.

6. Akionekana na doa, itakuwaje?

Doa jeupe si hukumu ya kifo. Kwa walio wengi maana yake ni kwamba ufa umeonekana kwa wakati. Likiwa dogo na linaonekana lote, huondolewa kwa njia mojawapo ya mbili. Ya kwanza ni baridi kali: chombo chenye gesi hugandisha mahali pale kwa dakika tatu, huachwa dakika tano, kisha hugandisha tena dakika tatu. Ya pili ni joto: chombo chenye joto la nyuzi 100 au zaidi huwekwa hapo kwa nusu dakika hivi. Mwanamke huona maumivu kama ya siku za mwezi, kisha hurudi nyumbani kwa miguu yake. Kizazi hakitolewi, naye aweza kuzaa baadaye. Doa likiwa kubwa, hupelekwa hospitali likatwe kwa waya mwembamba. Pakiwa na shaka ya saratani yenyewe, hupelekwa hospitali kubwa kwa upasuaji au mionzi. Na saratani iliyovumbuliwa mapema yaweza kupona. Kwa muda mrefu mionzi ilipatikana Dar es Salaam tu, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Baadaye Hospitali ya Bugando huko Mwanza ikaanza nayo. Mtu aliyepimwa mapema huepushwa na safari hiyo.

Sasa twasema na waume. Baada ya kutibiwa kwa baridi au joto, mama hutokwa na maji maji kwa majuma kadhaa, na hushauriwa asikutane na mumewe kwa muda wa mwezi hivi, ili kidonda kipone. Tumesikia kwamba wako wanawake waliokataa matibabu pale pale kitandani, wakisema, Sina ruhusa, mume wangu hatakubali mwezi mzima. Ndugu zangu wanaume, mtu ashindwaye kungoja mwezi mmoja huenda akangoja maisha yake yote aliyosaliwa nayo, akiwa mjane. Mpeni mke wenu ruhusa kabla hajaondoka nyumbani, tena mkamsindikize.

Aliyetibiwa hana budi kurudi baada ya mwaka mmoja kutazamwa tena.

7. Ni nani apimwe, na lini?

Kila mwanamke aliyefikisha miaka 30, ijapokuwa hana maumivu, na hata akiwa ameacha kukutana na mume. Akipimwa kwa siki na kuonekana salama, arudi kila baada ya miaka mitatu. Akipimwa kirusi na kisionekane, aweza kukaa miaka 5 hadi 10. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI huweza kupata saratani hii mara sita zaidi ya mwingine. Kwa hiyo huyo aanze mapema, tangu miaka 25, na arudi mapema zaidi kama atakavyoambiwa kliniki.

Lakini mwenye dalili asingoje siku ya kupimwa watu wote. Damu kati ya mwezi na mwezi, damu baada ya kukutana na mume, damu baada ya hedhi kukoma, maji yenye harufu mbaya, maumivu ya nyonga na mgongo yasiyokwisha: mwenye mojawapo ya hayo aende kwa daktari juma hili, wala asiridhike na kuambiwa kwamba ni mambo ya umri.

8. Binti zetu

Iko pia chanjo ya kumkinga msichana kabla kirusi hakijamfikia. Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kuitoa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wasichana 930 wa Mwanza walishiriki katika uchunguzi ulioanza mwaka 2017, wakaonyesha kwamba hata dozi moja huamsha kinga ya mwili ipasavyo. Hivyo watoto wetu wenyewe wameisaidia dunia kujua hilo. Yasemwayo na watu kwamba chanjo hii huua uzazi si kweli. Ila mama asidhani kwamba chanjo ya binti yake yatosha kwa wote wawili. Chanjo haiondoi mabadiliko yaliyokwisha kuanza. Binti na achanjwe, mama na apimwe.

9. Yaupasayo usharika

Kwanza, mwinjilisti na aende mwenyewe katika kituo cha afya kilicho karibu, aulize maneno haya: Hupimwa siku gani? Nani hupima, mwanamke au mwanamume? Aliyeonekana na doa hutibiwa hapo hapo au hupelekwa wapi? Gesi ipo? Gharama ni kiasi gani? Asiwatume akina mama mahali asipopajua.

Pili, tangazo lisomwe mbele ya watu wote, wanaume wakiwapo, bila kunong'ona. Ugonjwa wa macho twautangaza; kwa nini huu uwe siri? Mficha uchi hazai.

Tatu, akina mama na waende pamoja, wanne au watano, na mke wa mchungaji au wa mwinjilisti awe wa kwanza kupanda kitandani. Aliyekwisha kupimwa huwatoa wengine hofu kuliko hotuba kumi.

Nne, majina ya waliokwenda yasisomwe, wala majibu yao yasiulizwe. Lakini awepo mama mmoja mwaminifu wa kuwasaidia walioambiwa warudi au waende hospitali kubwa, na sanduku la kusaidiana liwe tayari kwa nauli yao. Wengi hupotea katika safari hiyo ya pili.

Tano, mama anayeketi karibu na mlango wa kanisa asiandikwe katika orodha kabla hajaulizwa habari zake na mwanamke mwenzake. Tukumbuke yule mwanamke wa Injili aliyetokwa na damu miaka 12, ambaye alikuja kwa nyuma kwa sababu hakuthubutu kuja kwa mbele. Wako wengine kama yeye katika sharika zetu.

Maswali ya kuulizana katika vikao vya wazee na vya akina mama

1. Kwa nini mwanamke asiye na maumivu ndiye anayepaswa kupimwa?
2. Mtu akisema, Ugonjwa huu ni wa wazinzi, utamjibuje?
3. Kipimo cha siki hufanywaje, nacho kina upungufu gani?
4. Kwa nini yafaa matibabu yatolewe siku ile ile ya kupimwa?
5. Mume ana wajibu gani kabla na baada ya mkewe kutibiwa?
6. Katika usharika wetu, ni nani atakayekwenda kituoni juma hili kuuliza, na ataleta habari siku gani?

Swali la sita lisijibiwe kwa maneno tu. Andikeni jina na siku.